Kuchora kama Huduma ya Kichungaji kwa Watoto Wenye Majonzi: Mwambao wa Kigoma

Mwezi wa Aprili na Mei mwaka 2015 kijiji cha wavuvi cha Kagunga, kilicho kaskazini mwa mkoa wa Kigoma karibu na mpaka wa Burundi, kilijaa makumi ya maelfu ya watu katika majuma machache. Walikuwa wameikimbia nchi yao kwa sababu ya machafuko yaliyofuata uamuzi wa Rais Pierre Nkurunziza kuwania muhula wa tatu. Kagunga haikufikika kwa barabara. Nyuma yake ni milima na mbele yake ni ziwa. Ikabidi meli kongwe ya Liemba, iliyoshushwa majini Kigoma kwa mara ya kwanza mwaka 1915, iende na kurudi ikiwabeba watu hadi mjini. Huko walipokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakasafirishwa kwa barabara mpaka kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Mwezi huo wa Mei kipindupindu kiliua watu 30 hivi. Wengi wa waliovuka walikuwa wanawake na watoto.

Mchungaji aliyewahi kuwahudumia watoto wa namna hii anajua kwamba tatizo halionekani mapema. Mtoto anakula, anacheza mpira wa matambara, anaimba pamoja na wenzake katika Shule ya Jumapili. Lakini hasemi. Ukimwuliza habari za nyumbani kwao anainamisha kichwa, au anajibu kwamba ni njema. Usiku anaamka akipiga kelele, na mama yake anakuja kwa mchungaji kuomba maombi. Mchungaji anaomba, naye anafanya vema kuomba. Hata hivyo anabaki na swali: je, liko jambo lingine ambalo mtumishi wa Mungu, asiye daktari wala mwanasaikolojia, aweza kumfanyia mtoto huyu? Makala hii inakusudia kueleza njia moja, yaani kuchora, na kuonyesha kwa nini njia hiyo ikitumiwa ovyo yaweza kumdhuru mtoto badala ya kumsaidia.

Watoto wa mwambao huu

Mambo ya mwaka 2015 hayakuwa mageni katika Kigoma. Warundi walivuka mwaka 1972, wakavuka tena baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi wa Oktoba 1993. Kambi ya Nyarugusu yenyewe ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini, wengi wao wakiwa watu wa Fizi, Baraka na Uvira, upande wa pili wa ziwa hili hili. Mwaka 2023 maelfu ya Wakongo walivuka tena. Sisi Walutheri tumekuwamo katika huduma ya wakimbizi hapa Tanzania tangu ilipoundwa TCRS mwaka 1964, ikiwa chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, na kazi ya maji, makazi na mashamba iliyofanywa tangu wakati huo inajulikana. Nadhani hatukosei tukisema kwamba tumefahamu zaidi jinsi ya kuchimba kisima kuliko jinsi ya kuketi na mtoto aliyenyamaza.

Tena tusifikiri kwamba wenye majonzi ni wakimbizi peke yao. Mwana wa mvuvi wa Kibirizi au wa Ujiji, ambaye baba yake alitoka jioni na taa za kuvulia dagaa asirudi asubuhi, anabeba mzigo ule ule. Aghalabu mwili hauonekani, na mazishi hayafanyiki kama ipasavyo. Watu wazima wanakaa matanga, wanalia, wanapokea pole. Mtoto anaambiwa aende kucheza.

Kuna pia malezi yetu. Katika nchi za Maziwa Makuu, hasa Rwanda, iko methali isemayo kwamba machozi ya mwanamume hutiririka kuelekea tumboni, nayo hueleweka vema pande zote za ziwa. Mtoto wa kiume wa miaka saba huwa amekwisha kuijifunza hata kama hajawahi kuisikia. Hivyo tunapomwomba aeleze kwa maneno yaliyo moyoni mwake, tunamwomba afanye jambo ambalo wazazi wake wamemfundisha kutolifanya.

Tiba ya sanaa ni nini?

Jina hili lilianza kutumiwa na mchoraji Mwingereza Adrian Hill mwaka 1942. Yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu mwaka 1938, na alipokuwa kitandani katika sanatoria aliona kwamba kuchora kulimpa nafuu ya moyo. Akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake. Tangu wakati huo tiba ya sanaa imekuwa taaluma kamili, yenye masomo ya chuo kikuu, usimamizi na maadili yake. Jambo hili ni la kukumbuka. Mchungaji anayewapa watoto karatasi na kalamu za rangi hafanyi tiba ya sanaa, kama vile mama anayempa mtoto uji hafanyi udaktari. Anafanya jambo jema lililo jirani na tiba, na ni vizuri ajue mpaka uko wapi.

Kabla hata ya jina hilo kuenea, mwanamke mmoja alikuwa akiifanya kazi hiyo mahali pa kutisha kuliko pote. Friedl Dicker-Brandeis, Myahudi aliyezaliwa Vienna mwaka 1898 na kusoma katika shule ya sanaa ya Bauhaus, alipelekwa na Wanazi katika mji wa Terezín, ulio katika nchi ya Ucheki ya leo, mwezi wa Desemba 1942. Mji huo ulikuwa umegeuzwa kuwa mahali pa kuwafungia Wayahudi kabla ya kupelekwa kuuawa. Hapo aliwafundisha watoto kuchora kwa siri, akitumia karatasi chakavu za ofisini na vipande vya rangi vilivyopatikana. Mwezi wa Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz akauawa. Alikuwa ameacha masanduku mawili yenye michoro ya watoto ipatayo 4,500, ambayo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Kiyahudi huko Prague. Walio wengi kati ya watoto wale waliuawa pia. Mwanafunzi wake wa zamani, Edith Kramer, aliyekimbilia Marekani mwaka 1938, ndiye aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa tiba ya sanaa kwa watoto katika nchi hiyo.

Mambo mawili katika kazi ya mama huyu yanatuhusu. La kwanza, alitaka kila mtoto aandike jina lake juu ya mchoro. Mahali ambapo watu walihesabiwa kwa namba, mtoto alibaki na jina. La pili, hakuwaamuru watoto kuchora mateso. Michoro mingi ya Terezín ni ya maua, meza ya chakula, nyumba, vipepeo, mashamba. Mtu anayeitazama akitafuta vita aweza kufikiri kwamba watoto wale hawakujua lililokuwa likiwapata, naye atakuwa amekosea.

Kosa langu

Hapa sina budi kusimulia jambo ambalo si la kujivunia. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikihudumu katika usharika mmoja wa mwambao, niliwagawia watoto wa Shule ya Jumapili karatasi, nikawaambia wachore jambo lililowahi kuwaumiza. Mvulana mmoja, wa miaka tisa hivi, aliyefika na bibi yake kutoka ng'ambo, alichora boti yenye watu, na mtu mmoja akiwa majini nje ya boti. Alinikabidhi karatasi ile bila neno. Picha ilinichoma moyo. Jumapili iliyofuata niliipeleka mimbarani, nikaiinua mbele ya usharika, nikahubiri juu ya Bwana Yesu kutuliza dhoruba, na juu ya baba aliyezama akiwaokoa wanawe. Watu walilia. Wazee wa kanisa walinishukuru kwa mahubiri yenye nguvu.

Mtoto hakuja tena. Nilipokwenda nyumbani kwao, bibi yake alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti, akaniambia, "Baba Mchungaji, picha ile alikupa wewe. Hakuwapa wao." Kisha akanieleza kwamba mtu aliyekuwa majini hakuwa baba wala hakuzama. Alikuwa kaka wa mtoto yule, aliyeisukuma boti itoke ufukweni, naye mwenyewe akabaki kwa sababu hapakuwa na nafasi. Walikuwa hawajapata habari zake.

Kwa hiyo nilikuwa nimemwua kaka yake mimbarani.

Nimelisimulia jambo hili kwa sababu naona likirudiwa, na si na wachungaji tu. Wageni wanafika makambini, wanawaambia watoto wachore vita, wanapiga picha ya michoro, wanaondoka. Yako mahali ambapo michoro ya watoto imetumika kwa haki: mwaka 2007 michoro ipatayo 500 ya watoto wa Darfur iliyokusanywa katika makambi ya Chad ilipelekwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ikapokelewa kama ushahidi wa mazingira ya uhalifu uliotendeka. Siwezi kulaumu hilo. Lakini mahakama ni kitu kimoja na uchungaji wa roho ni kitu kingine, nasi tunapaswa kujua tumeitwa kwa lipi.

Utafiti unavyosema

Watafiti wamechunguza kama ni kweli kwamba kuchora humsaidia mtoto, na matokeo yao yanafaa kujulikana na wachungaji, kwa kuwa yanapinga mazoea yetu mawili.

Mwaka 1998 Julien Gross na Harlene Hayne wa New Zealand waliwaomba watoto wa miaka 3 hadi 6 waeleze nyakati walizofurahi, kuogopa au kuhuzunika. Baadhi yao waliombwa kusema tu, na wengine waliombwa kuchora huku wakisema. Wale waliochora walieleza mambo mengi kiasi cha mara mbili ya wenzao. Msomaji atazame vizuri: msaada haukuwa katika mchoro wenyewe kusomwa na mtaalamu. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa juu ya karatasi, badala ya kutazamwa na mtu mzima, ulimi wa mtoto unafunguka. Wavuvi wanaoshona nyavu wakiwa wamekaa ubavu kwa ubavu hulijua jambo hili bila utafiti; maneno mazito husemwa mikono ikiwa kazini.

Kinyume chake, zile kanuni zinazotembea katika semina, kwamba rangi nyeusi ni kifo, kwamba mtu asiye na mikono ni dalili ya kunyanyaswa, kwamba nyumba isiyo na mlango ni upweke, hazina msingi imara. Mtoto wa miaka mitatu au minne, popote alipo, huchora mtu kama kichwa chenye miguu, bila kiwiliwili na mara nyingi bila mikono, kwa sababu ndivyo watoto wa umri huo wachoravyo. Mchungaji asiyejua hili atakimbilia polisi. Na mtoto aliyepaka ziwa lote rangi nyekundu yawezekana alipata kalamu nyekundu kwa kuwa ya bluu ilishikwa na mwenzake mwenye nguvu.

Utafiti wa pili ni wa Jennifer Drake na Ellen Winner wa Marekani, uliotolewa mwaka 2013. Watoto wa miaka 6 hadi 12 walikumbushwa jambo lililowavunja moyo, kisha baadhi yao wakaambiwa wachore jambo hilo, na wengine wakaambiwa wachore nyumba tu. Waliochora nyumba ndio waliopata nafuu zaidi ya moyo. Nilipolisoma hili niliwakumbuka watoto wa Terezín na maua yao, nikalikumbuka pia agizo langu la "chora jambo lililokuumiza". Siyo kwamba mtoto asichore huzuni yake. Akitaka, na aichore. Lakini yeye ndiye anayejua ni lini, na kwa sasa yawezekana anachohitaji ni kuchora mbuzi.

Nabii mwenye tofali

Baadhi ya wanafunzi wetu huuliza kama haya yote si saikolojia ya kigeni iliyovikwa joho. Swali ni halali. Ningewaomba wafungue kitabu cha Ezekieli.

Ezekieli alikuwa mkimbizi, au kwa usahihi zaidi mhamishwa, aliyechukuliwa pamoja na mfalme Yekonia na kukaa kando ya mto Kebari. Katika sura ya 3, mstari wa 15, anawafikia wahamishwa wenzake, anaketi mahali pale wanapoketi wao, na kwa siku saba yumo katikati yao akiwa ameduwaa. Hakuna neno lililosemwa. Baada ya siku hizo ndipo neno la Bwana linamjia, na mwanzoni mwa sura ya 4 anaamriwa kutwaa tofali na kuchora juu yake mji wa Yerusalemu uliozingirwa na jeshi. Sidai kwamba nabii alikuwa akifanya tiba. Tofali lile lilikuwa ishara ya hukumu. Ninachosema ni kwamba watu waliopoteza mji wao walipewa mji huo juu ya kipande cha udongo, waweze kuutazama. Mungu hakuona kwamba mchoro ni kitu cha kitoto. Na utaratibu ni huu: kwanza kuketi siku saba, ndipo tofali. Rafiki za Ayubu nao walianza vizuri, wakaketi siku saba usiku na mchana bila kusema (Ayubu 2:13). Walikosea walipoanza kufafanua.

Kwa upande wa Luther, inajulikana kwamba mwaka 1522 alirudi Wittenberg kutoka Wartburg ili kuzuia fujo za waliovunja sanamu na picha makanisani. Katika maandishi yake ya mwaka 1525 dhidi ya wale aliowaita manabii wa mbinguni, alieleza kwamba hawezi kusikia habari za mateso ya Kristo bila picha ya mtu aliyetundikwa msalabani kujiumba moyoni mwake. Na kama si dhambi kuwa na picha hiyo moyoni, haiwezi kuwa dhambi kuwa nayo machoni. Mwaka 1529 alitoa kitabu cha sala chenye picha nyingi za habari za Biblia kwa ajili ya watoto na watu wa kawaida. Hoja yake yafaa kusomwa pia kutoka upande wa pili. Ikiwa picha ya mji unaoungua, au ya kaka aliyebaki ufukweni, imekwisha kujiumba moyoni mwa mtoto, hatuwezi kuifuta kwa kumkataza kuionyesha.

Katika mabishano ya Heidelberg mwaka 1518 Luther alitofautisha mwanateolojia wa utukufu na mwanateolojia wa msalaba, na kazi ya huyu wa pili ni kuliita jambo kwa jina lake halisi. Hapa ndipo wachungaji tunaposhindwa. Tunataka mtoto aongeze jua juu ya picha. Tunamwambia, "Sasa mchore na Yesu." Lakini Zaburi ya 88 imo katika Biblia, nayo inaishia gizani bila neno la sifa, na hakuna mwandishi aliyepewa kibali cha kuimalizia.

Katika Marko 10:13-16 Bwana anawakumbatia watoto, anaweka mikono juu yao na kuwabariki. Haandikiwi kuwa aliwauliza swali lolote.

Namna ya kufanya

Kinachohitajika ni kidogo. Karatasi zilizochapwa upande mmoja zapatikana katika ofisi yoyote ya usharika. Makaa ya jikoni huchora vizuri, na udongo mwekundu wa Kasulu ni bora kuliko udongo wa rangi unaouzwa madukani. Mtoto aweza kuumba mtu, kumvunja, na kumwumba upya, jambo ambalo karatasi haimruhusu. Kwenye mchanga wa ziwa kijiti kinatosha. Mchanga una faida ambayo watu hawaifikirii: wimbi likija, picha imekwenda, na hakuna mtu mzima atakayeipeleka mimbarani.

Mchungaji au mwalimu aketi chini, ubavuni mwa mtoto. Naye achore kitu chake, hata kama hajui kuchora. Watoto hupenda sana kuona kwamba mtu mzima hajui. Asiseme, "Hii ni nini?" wala, "Huyu aliyelala amekufa?" Aseme, "Nieleze habari za picha yako, mwanangu, kama unapenda," kisha anyamaze, na kunyamaza huko kuwe kwa kweli. Mtoto akisema, lirudie neno lake kama alivyolisema. Asiposema, mshukuru kwa kuchora. Wengine huchora boti ile ile Jumapili nane mfululizo, waache. Lakini ikiwa mtoto anachora jambo la kutisha kwa namna ile ile bila mabadiliko, huku akizidi kudhoofika, hali wala halali, basi huo ndio mpaka niliousema. Mtoto huyo apelekwe kwa wataalamu, kwa mfano katika hospitali ya mkoa ya Maweni, na mchungaji asione kwamba imani yake imeshindwa.

Lugha ni kikwazo chenye dawa hapa hapa. Mtoto wa Kirundi aliyefika jana hajui Kiswahili, lakini Kiha na Kirundi ni lugha zinazokaribiana kiasi cha kusikilizana, na sharika za Kigoma zina akina mama wa Kiha wenye subira. Wao wafaa kwa kazi hii kuliko mchungaji aliyetoka mkoa mwingine. Kwa watoto wa Kongo Kiswahili kipo, ingawa si chetu. Ni heri kuwaacha waseme cha kwao bila kuwasahihisha.

Ujiji ni mji wenye Waislamu wengi, na watoto wao huja kucheza na wetu. Ziko familia zisizopenda mtoto achore sura ya mtu au mnyama. Mzazi aulizwe mapema, kwa adabu, na mtoto aweza kuchora nyumba, boti, milima, nyota, au mapambo kama yale ya milango. Hapungukiwi na kitu. Wala isitumike nafasi hii kumvuta mtoto wa jirani kwa mlango wa nyuma. Aliyepoteza baba asigeuzwe kuwa hesabu ya waongofu.

Jambo la siri lahitaji uangalifu. Mchoro uliotolewa kwa mchungaji peke yake naona unastahili heshima ile tuipayo ungamo. Haupachikwi ukutani, hautumwi kwa wafadhili, haupigwi picha kwa simu. Lakini mtoto akieleza kwamba yuko mtu anayemdhuru sasa, nyumbani au shuleni au kanisani kwetu, hapo kunyamaza ni dhambi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa, na afisa ustawi wa jamii yupo kwa kazi hiyo. Mtoto aambiwe mapema, kwa maneno mepesi, kwamba siri yake itatunzwa isipokuwa ikihusu mtu anayemwumiza. Taarifa itolewe kwa yale aliyosema, si kwa tafsiri yetu ya alama alizochora.

Swali la mwisho ambalo wachungaji huniuliza ni kuhusu kuianza kazi hii bila uhakika wa kuiendeleza. Jibu langu ni kwamba asiyeweza kuketi na watoto wale wale walau miezi michache asiwafungue. Afadhali awafundishe nyimbo. Mtoto aliyekwisha kuachwa na watu wengi asizidishiwe mmoja tena, mwenye kalamu za rangi.

Lakini mara nyingi anayeondoka ni mtoto. Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009, watu wake wakahamishiwa Nyarugusu; Mtabila ikafungwa mwaka 2012, Mtendeli mwaka 2021. Familia hupata siku chache za kufunga mizigo. Kwa sababu hiyo michoro ya kila mtoto itunzwe katika bahasha yake, yenye jina aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe, na aulizwe kama anataka kuichukua, kuiacha, au kuichoma. Kila jibu kati ya hayo ni sahihi. Bahasha zikae mahali ambapo mwinjilisti aweza kuzifikia hata mchungaji akiwa safarini, kwa maana magari ya kuwachukua watu huja alfajiri, nayo hayangoji.